Dobi Atafutiwa Sababu

Benchi la pale kona, mbele ya kibanda cha Dobi, lilikuwa limejaa mapema, maana wapo watu ambao kazi yao ni kukaa hapo na kazi nyingine zote ni za ziada. Alikuwepo Waziri, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa monita wa darasa lakini koti havui. Alikuwepo Fundi Saa, ambaye saa yake mwenyewe haijawahi kusema kweli. Mama Kahawa alikuwa anamimina. Dobi mwenyewe alisimama na pasi mkononi, nguo ziko mbele yake, wala hapigi. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anatambaa, na tangu hapo yeye ndiye baba, yeye ndiye mama, yeye ndiye wa kufunga kamba za viatu. Likizo hii binti alikwenda kambi ya watoto, wiki mbili, akarudi juzi. Jana akaomba ahamie shule ya bweni. Jibu analitaka leo jioni.

— Nitafutieni sababu ya kumkatalia, jamani, alisema Dobi. Moja tu. Zangu zimekwisha.

— Kwani huko kambini walimfanya nini? aliuliza Fundi Saa.

— Sijui! Analala gizani, mlango kaufunga. Anajifulia. Leo asubuhi kachukua pasi yangu hii hii, kapiga sare yake mwenyewe. Marinda yote yamelala upande! Nikamwambia, lete nikunyooshee. Akasema, "Acha, baba, hii nimepiga mimi." Akaenda nayo tuisheni ya likizo hivyo hivyo. Binti wa dobi! Watu watasema nini?

— Watasema dobi anaumwa, alisema Waziri.

Wakacheka wote isipokuwa mwenyewe. Marinda hayakuwa tatizo, na Dobi alilijua hilo. Alikuwa amemsindikiza kwa macho mpaka akakata kona na sare yake iliyopinda, anatembea kwa raha zake, wala hakugeuka. Dobi alitamani kulia, akajiona mjinga.

— Mimi nawaambia ni uji, alisema Fundi Saa. Uji wa kambini una kitu ndani. Mtoto akiunywa siku tatu, kwao anakusahau.

— Uji! Wewe hujui kitu, alisema Waziri akiliweka sawa koti lake. Huo ni mpango mkubwa. Watoto wakijitegemea, wazazi hawana kazi. Wazazi wakikosa kazi, wanakusanywa, wanapelekwa kambini wao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa upi sasa?

— Wowote. Ufa ni ufa.

Fundi Saa si mtu wa kukubali kupitwa kwa uongo.

— Basi wamembadilisha. Huyo siye yule uliyempeleka. Umemkagua lile kovu la gotini?

— Lipo, alijibu Dobi. Nimeangalia.

— Makubwa! Mama Kahawa alishindwa kuvumilia. Mtoto kafundishwa kujitegemea, si ndilo ulilompelekea?

— Nilimpeleka akacheze, mama! Mwalimu aliniambia atakua, atajiamini. Nikasema sawa, akue. Nilidhani atakua kidogo kidogo, mimi nikimwona.

— Sasa usilaumu mtu, alisema Fundi Saa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na...

Akajikata mwenyewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama Kahawa alimkata jicho. Waziri akainama kuangalia viatu vyake.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa.

— Si kitu, alisema Dobi, na kilikuwa kitu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja wasiyemjua, mfuko wa nguo mkononi, akapiga hodi.

— Karibu, dada.

— Asante. Naomba hizi ziwe tayari leo. Ni za mwanangu, anakwenda kambi ya watoto kesho. Ninaye huyo huyo mmoja.

— Usimpeleke! walisema Waziri na Fundi Saa kwa pamoja, hata mwanamke akarudi nyuma hatua.

— Achana nao, alisema Mama Kahawa. Wa kwake huyu Dobi amerudi juzi, ndiyo maana unawaona hivi.

Uso wa mwanamke ukafunguka. Akamgeukia Dobi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

— Kumbe wako alikwenda! Basi nisaidie, kaka yangu. Usiku ule wa kwanza, yeye hayupo, wewe ulifanyaje?

Mama Kahawa akainua birika, na vikombe vyote vilikuwa vimejaa.

Dobi aliukumbuka usiku ule. Alipika cha watu wawili, akapakua sahani mbili, asile hata moja. Akatoa nguo zote za binti kabatini, safi, akazifua tena. Usiku wa pili akafanya vile vile. Amwambie nini mama wa watu? Kwamba ukizoea inapungua? Haikupungua. Na zile zilikuwa wiki mbili tu. Bweni ni muhula mzima, kisha mwingine, kisha mtoto ni mtu mzima.

— Kaka? alisema mwanamke.

— Utazikuta jioni, dada, alisema Dobi, akaupokea mfuko bila kumtazama usoni.