Kila Mtu Alimzika Dakika

Benchi lenyewe liko Riga, kando ya mfereji, pale magari madogo ya watalii yanapojipanga kungojea watu wa safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kiangazi hupati pa kukalia hata ukiomba kwa magoti. Lakini hii ilikuwa Jumapili ya mwishoni mwa Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka wafu, theluji ya majimaji inadondoka kivivu na mtalii hata wa dawa hakuna. Walikuwepo wenye benchi tu. Alikuwepo Kamusi, mtembeza wageni, ambaye kila jiwe la Latvia ana hadithi yake. Alikuwepo Kanali, dereva wa safari za ufukweni, ambaye cheo alikipata kwa kupika supu miaka miwili katika jeshi la Kisovieti. Alikuwepo Vilnis, aliyeitwa Breki kwa jinsi anavyoendesha gari kama amebeba mayai. Nyuma yao Bi Maiga alikuwa kwenye kibanda chake cha kahawa, na upande wa kushoto wa benchi nafasi ya mtu mmoja ilikuwa wazi. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Harijs, ambaye walimwita Dakika, kwa sababu mgeni akichelewa kurudi garini yeye alisema "tumpe dakika moja tu," kisha akamngoja nusu saa. Dakika alikufa mwezi wa saba.

Chini ya miguu ya Vilnis palikuwa na mfuko wenye mshumaa wa kwenye glasi. Leo giza likianza kuingia, mji mzima ungekuwa makaburini kuwasha mishumaa, na benchi zima lilikubaliana kwenda kwa Dakika. Shida ya Vilnis ilikuwa moja: hakujua Dakika amezikwa wapi. Siku ya mazishi alikuwa Rundāle na Wajerumani, akiwaonyesha kasri na bustani ya mawaridi. Alijiambia Kamusi na Kanali wapo, jeneza halitakosa mikono. Tangu siku hiyo kila mtu akimuuliza alijibu, "Tulimzika vizuri." Sasa alikuwa na saa moja hivi ya kumchokonoa mtu mpaka amtajie mahali.

— Tunakwenda au hatuendi? aliuliza Bi Maiga, akimwaga maji ya moto juu ya unga wa kahawa, vikombeni humohumo. Mwezi huu jua linazama kabla hujamaliza kunawa uso.

— Tunakwenda, alisema Kamusi. Breki anaendesha. Yeye na marehemu walikuwa pete na kidole.

— Nitaendesha, alisema Vilnis. Ila mnielekeze, macho yangu siku hizi ndiyo hivyo tena. Ukishaingia lango kubwa ni kulia au kushoto?

— Inategemea umeingilia lango gani.

— Nimesema kubwa.

— Breki, ule ni msitu mzima wa makaburi. Makubwa yako mawili. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

— Hilo linahusiana nini na lango?

— Linahusiana na miti, alisema Kamusi, akanywa kahawa yake.

Kanali alikung'uta theluji kwenye kofia.

— Msimsumbue mzee mwenzangu, alisema. Ni rahisi. Unafuata pale iliposimama bendi.

— Bendi gani tena? aliuliza Bi Maiga.

— Ya tarumbeta, mama. Watu tisa. Walipiga taratibu sana, maana ngoma ikivuma sana hupasuka.

— Mbona hamjawahi kuniambia kuna bendi?

— Msiba hauhadithiwi kwa siku moja.

Vilnis alimtazama Kanali kwa matumaini.

— Na bendi ilisimama wapi hasa?

— Karibu na jeneza.

— Na jeneza lilikuwa wapi?

— Sasa Breki, we si ulikuwepo? Au unanipima?

— Nakupima, alisema Vilnis haraka. Nione kama unakumbuka.

Bi Maiga alipitisha sahani ya vimkate vilivyojazwa nyama ya moshi. Kila mtu alichukua kimoja, na kimoja kikaachwa upande wa kushoto, mahali pa Dakika.

— Nakumbuka lile jua, alisema Kamusi, mdomo umejaa. Kasisi alikuwa anatoka jasho mpaka anafuta kitabu.

— Jua? Kanali aliuliza. Kulikuwa na mvua, bwana. Mimi ndiye niliyeshika mwavuli.

— Jua.

— Mvua.

— Basi ilikuwa mvua ya jua, alisema Vilnis, na wenzake wawili wakamtazama kwa shukrani ambayo wakati ule hakuielewa.

— Hapo umenena, alisema Kamusi. Mvua ya jua, na hapo ndipo korongo alipokuja.

— Korongo yupi? aliuliza Bi Maiga.

— Ndege, mwenye miguu mirefu. Alitua juu ya msonobari, akainamisha kichwa wakati wa sala, na watu waliposema amina akaondoka zake. Nimeshawasimulia wageni mara nyingi, wanalia.

— Nilimwona, alisema Kanali. Lakini hilo dogo. Sala ilipoisha meli zote bandarini zilipiga honi. Tatu kwa mpigo. Nani aliwaambia? Hakuna anayejua.

— Makaburini unasikia honi ya bandarini?

— Siku ile ilisikika.

— Basi lililojaa watalii nalo lilisimama langoni, Kamusi aliongeza. Mama mmoja akashuka kuniuliza kama mazishi yamo kwenye ratiba. Nikamwambia mama, huyu ameonyesha dunia nzima nchi yetu, leo dunia imekuja kumwona yeye. Wakashuka wote. Sikuwahesabu, lakini walibanana mpaka kasisi akapandwa mabegani.

— Unatia chumvi, Kamusi.

— Chumvi kidogo. Muulize Breki. Breki, si ulilia siku ile? Nilikuona kwa macho yangu, umeukumbatia msonobari.

Vilnis alishika kikombe kwa mikono miwili. Saa ile ya mazishi alikuwa amesimama kwenye bustani ya Rundāle, akimpiga picha mke na mume kutoka Hamburg. Kamusi alikuwa anamtazama moja kwa moja, bila kupepesa. Kumwambia "muongo wewe" ilikuwa ni kujivua nguo mwenyewe hapo kwenye theluji.

— Nililia, alisema.

— Mnaona.

— Reki umeweka garini? Bi Maiga alimuuliza. Maana wenzio hawana aibu. Mwaka jana kwenye kaburi la mama yangu, Kanali aliachia alama ya buti katikati ya mchanga. Majirani wakanisema msimu mzima. Kaburi unalipiga reki, unatoka kinyumenyume, unyayo wako wa mwisho unaufuta. Hata kuku analijua hilo.

— Reki ipo, alisema Vilnis.

— Na maua yangu mlimwekea? Meupe yale. Sita, nilihesabu mara mbili yasije yakawa matano, matano ni ya arusi. Nilikupa wewe, Kanali.

— Niliyaweka, alisema Kanali, akageukia mfereji. Upande wa kichwani.

Mtu alipita na mbwa aliyevishwa koti. Kamusi, ambaye kimya humuumiza kama jino, alinyoosha miguu mpaka ile nafasi ya kushoto.

— Ondoa mguu, alisema Vilnis.

— Miezi sasa, Breki. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Nimesema ondoa mguu.

Kamusi aliuondoa. Ndipo walipomwona mwanamke amesimama mbele yao, mwenye begi la mgongoni lenye karatasi ya uwanja wa ndege bado ikining'inia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, nywele zimelowa.

— Samahani, wazee wangu. Hili ndilo benchi la Harijs?

— Ndilo, dada, alisema Kamusi, na sauti yake ya kazi ikamjia yenyewe. Lakini leo safari hamna. Kesho Sigulda, mapango na ngome, unarudi kabla ya chakula cha jioni.

— Mimi naitwa Evija. Ni binti yake.

Kamusi alisimama. Kanali akavua kofia. Walikuwa wakimjua kwa picha: Dakika alimtembeza mfukoni, msichana aliyekwenda Ireland kufanya kazi kwenye mashamba ya uyoga, asiyepata likizo.

— Sikuweza kuja kumzika, alisema Evija. Wiki ile nilikuwa hospitali, mwanangu anazaliwa. Shangazi Velta ndiye aliyesimamia kila kitu, na Shangazi naye alifariki mwezi uliopita. Lakini alinipigia simu siku ileile. Alinambia, usilie, mwanangu, baba yako hakwenda peke yake. Wanaume walimbeba, wamevua kofia, wakamshusha polepole kama mtoto mchanga. Nikamuuliza ni akina nani. Akasema hawajui, walikuja tu. Mimi nikajua ni nyinyi.

Alimshika mkono Kamusi, kisha Kanali, kisha Vilnis, ambaye alimshika kwa mikono yote miwili. Vidole vya Evija vilikuwa vya baridi na vilikuwa vimekakamaa kama vya baba yake.

— Nimekuja kuwashukuru. Na nina ombi. Ndege yangu inaondoka kesho alfajiri, na leo Jumapili ofisi ya makaburi imefungwa. Kaburi la baba liko upande gani?

Vilnis alimtazama Kamusi. Kamusi alimtazama Kanali. Kanali alikuwa akimtazama yeye, Vilnis, kwa macho ya mtu anayezama. Hapo ndipo alipoelewa ile shukrani ya mvua ya jua.

— Ukishaingia lango kubwa, Kamusi alianza. Akaishia hapo. Vilnis hakuwahi kumsikia akikosa neno.

— Maua yalinyaukia kwenye gari langu, alisema Kanali kwa sauti ndogo. Mama Maiga, nisamehe. Nilikuwa Jūrmala, ufukweni. Nilipata watu asubuhi, nikasema hawa wawili watakuwepo.

— Mimi nilikuwa Sigulda, alisema Kamusi. Siku ile meli za watalii zilikuwa tatu, kila mtu alikuwa anaita gari. Nikasema Breki hawezi kumwacha.

— Nilikuwa Rundāle, alisema Vilnis.

Bi Maiga alitoka nje ya kibanda, birika mkononi.

— Wote watatu? Na mimi nimekaa hapa kila siku nasikiliza korongo?

Birika lilikuwa tupu, akaliweka juu ya benchi, kwenye nafasi ya kushoto, kisha akaliondoa tena. Evija alikuwa amewatazama mmoja mmoja, na hakuonekana kukasirika. Vilnis angependa akasirike.

— Basi nani alimbeba? aliuliza Evija.

Theluji ilidondoka kwenye vikombe. Watu hawa walijua nani alilala chumba gani katika kila kasri, ni askofu gani alizikwa chini ya jiwe gani na aliugua nini. Hilo hawakulijua, na sasa hapakuwa na wa kumuuliza.

Vilnis aliokota mfuko wake.

— Panda gari, mwanangu, alisema. Pandeni wote.

Njiani Kamusi hakuonyesha hata jengo moja. Walipofika, msitu ulikuwa unawaka. Chini ya misonobari kulikuwa na mishumaa mpaka macho yanapochoka, na watu wakipita kimyakimya na makoti yao meusi. Kila kaburi lilikuwa limepigwa reki, mistari imenyooka kama nywele zilizochanwa, hakuna unyayo popote. Evija alisimama njia panda, hajui aanzie wapi.

— Tafuteni lenye giza, Vilnis aliwaambia. Tafuteni mchanga ambao haujaguswa na mtu.

Ilikuwa aibu kubwa kutafuta hivyo, lakini hakukuwa na njia nyingine. Waligawana vijia. Bi Maiga ndiye aliyeliona, ukingoni kabisa, karibu na ukuta: tuta lililofunikwa na sindano za msonobari, na kibao kimoja cha mbao kimelalia ubavu. Kanali alipiga magoti akakifuta kwa kofia yake. Palikuwa na jina lake, lile la kweli, ambalo hawakulizoea.

Evija alikaa chini kwenye baridi na kuweka kiganja juu ya mchanga. Alimwambia baba yake jina la mjukuu wake, Harijs pia, na uzito aliozaliwa nao. Kamusi aliombwa aseme neno. Alitikisa kichwa, machozi yanamtoka waziwazi, na msonobari wa kukumbatia ulikuwa hapo karibu, lakini hakuukumbatia. Vilnis aliwasha mshumaa wake, akaondoa takataka kwa mikono, akapiga reki taratibu kuanzia kichwani, akirudi kinyumenyume, kama mama yake alivyomfundisha. Alipofika ukingoni, zilibaki nyayo zao walipokuwa wamesimama. Akainua reki azifute.

Evija aliushika mpini.

— Hizo ziache, alisema. Ionekane kwamba leo mlikuja.

Vilnis aliiweka reki begani, wakaondoka, na ule ulikuwa mchanga pekee katika msitu mzima wenye nyayo za watu.