Bi Inuka Anaondoka, na Mtandao Upo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Bi Inuka anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu, nisizidishe ukurasa, na nisichokonoe yaliyopita. Kuhusu ukurasa, nitajitahidi.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi zile mashine zikilia mpaka wodi ya jirani inalalamika. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa ndani ya boksi muda mrefu kwa sababu kila mtu aliogopa kuiharibu. Yeye alilifungua boksi wenzake walipokwenda kula. Alikaripiwa, kisha akapewa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa kati ya ngazi na choo cha wafanyakazi, hakina dirisha, na humo ndimo alimowafundisha wengi wetu kushika kipanya bila kutetemeka.

Jina alilipata kwa sharti lake. Ukimwita kwenye kompyuta yako, neno lake la kwanza lilikuwa "Inuka kwanza, mwenzangu." Hukuruhusiwa kubaki kitini ukamwelekeza, wala kusimama mgongoni kwake ukimhemea. Wauguzi waliinuka, madaktari bingwa waliinuka, mhasibu mwenye mgongo mbovu aliinuka huku akisonya. Mimi wa mapokezi niliinuka kuliko wote, maana kompyuta yangu haikuwa ikimaliza mwezi bila kuugua. Na ulimi wake ulikuwa mkali. Aliwahi kuniuliza kama vitufe nilikuwa navibonyeza au navitwanga. Nilinuna, na wiki iliyofuata nikamwita tena.

Mwaka juzi kirusi kikaingia. Kiliingia kupitia kompyuta ya Mkurugenzi, ghorofa ya juu, baada ya mwenyewe kupakua programu ya kutazama mpira bure. Hakuna asiyelijua hilo, ila husemwa kwa kunong'ona. Kikasambaa jengo zima. Bi Inuka alizisafisha kompyuta zote, pamoja na ya Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa safarini. Tulipoziwasha asubuhi, kirusi hakipo na mtandao haupo. Waya zimechomekwa, taa zinawaka, kompyuta yenyewe inasema imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Watu wa maabara wakawa wanapanda na kushuka ngazi na majibu ya vipimo mkononi.

Yeye hakubabaika. Aliketi kwenye kiti changu na kunieleza huku akifanya. Kirusi kilipoingia kiliiagiza kila kompyuta ipitie kwake kabla ya kwenda popote. Sasa chenyewe kimefutwa, agizo limebaki, na kompyuta za watu zinaendelea kugonga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Akafungua mipangilio ya mtandao, akaondoa tiki kwenye kisanduku kimoja, na kurasa zikafunguka. Akaenda chumba hadi chumba. Kufika saa ya chakula, jengo zima lilikuwa kazini, isipokuwa kompyuta moja.

Mkurugenzi alikuwa amerudi, na alikataa kuinuka. Alisema aelekezwe tu, atabonyeza mwenyewe, yeye si mtoto. Bi Inuka akamjibu kwamba hafanyi kazi juu ya bega la mtu, akashuka zake. Angeweza kulegeza kidogo, sikatai. Hata mumewe, fundi cherehani mpole asiyependa makuu, alimwambia jioni ile, "Mbona mimi nina wateja nawapima wakiwa wamekaa, mke wangu?" Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kwa kuwa kompyuta ya Mkurugenzi haikuwa na mtandao, basi hospitali haikuwa na mtandao. Kikao kikaitishwa mchana uleule, na wito wake ulitufikia kwa barua pepe, kutoka kwa katibu muhtasi aliyekaa mlangoni pa Mkurugenzi. Tukaisoma, tukapanda juu, tukatangaziwa kwamba Bi Inuka ameua mtandao.

Ikaletwa kampuni ya nje. Watu wake walifanya walichotumwa: walifuta kila kompyuta na kuanza upya. Mkurugenzi akapata mtandao wake. Mwalimu wa wauguzi akapoteza masomo yote aliyoyaandaa tangu alipoanza kufundisha. Aliambiwa kwamba Bi Inuka ndiye aliyeyaharibu wakati wa kusafisha, na kwamba wale wageni hawakukuta cha kuokoa. Tangu hapo, wakikutana kwenye korido, Mwalimu hugeuza uso. Walikuwa wakila pamoja kila mchana, hawa wawili, bakuli moja vijiko viwili.

Bi Inuka akahamishiwa stoo ya mashuka, na huko ndiko anakomalizia utumishi wake, akikunja foronya. Inaniuma kuliandika hili katika ukurasa wa pongezi, lakini ndiyo kazi tuliyompa.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema hataki kitu cha kubeba. Anataka Mkurugenzi aseme mbele ya wafanyakazi kwamba mafaili hayakufutwa na yeye. Ombi likapanda juu, na jibu likashuka: sherehe si mahali pa malumbano. Ikanunuliwa saa ya ukutani.

Naye akasema haji. Nilikwenda kwake kumbembeleza, nikamkuta anashona vifungo kumsaidia mumewe. Hakunionyesha hasira. Aliuliza tu kama Mwalimu atakuwepo. Nilipoitikia, akaiweka sindano chini. "Siwezi kupigiwa makofi na mtu anayeamini nimemfutia kazi yake," alisema.

Kwa kuwa ukumbini halitasemwa, nalisema hapa. Asubuhi ile ya kurudisha mtandao, baada ya Bi Inuka kutoka chumbani kwa Mwalimu, masomo yalikuwepo. Najua kwa sababu Mwalimu alinitumia moja mapokezi nimchapie, nikamchapia, ila katika uchungu wake alilisahau hilo. Yalifutwa na wale wageni siku iliyofuata, kwa amri ya ghorofa ya juu.

Jana nilimpa Mwalimu ukurasa huu ausome kabla ya kuchapishwa. Aliusoma mara mbili. Akauliza mbona Bi Inuka hakumwambia. Nikamjibu kwamba alimfuata darasani, na yeye akamfungia mlango.

Bi Inuka, asante kwa kila kompyuta uliyotuponyea na kila mmoja wetu uliyemfundisha. Upumzike, ule kwa wakati, afya isikuache, na uzee ukukute na watu wako. Siku ya sherehe Mwalimu hatakuwa ukumbini, atakuwa mlangoni kwako. Ukiweza, mfungulie.