Mama Emérance Kaomba, Mkunga Aliyefundisha Wengine Kukaa Chini

Wapendwa ndugu, majirani, na ninyi mliopanda mtumbwi au treni ili mje kulia pamoja nasi, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuwaeleze mama huyu aliyelala mbele yetu alitoka wapi na alipitia wapi.

Emérance Kaomba alizaliwa Mpala, tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Papa Hippolyte Kaomba, seremala wa misioni, na Mama Célestine Sangwa, mkulima wa mihogo, ambaye hakujua kusoma, lakini kila jioni alimtaka binti yake amsimulie aliyofundishwa shuleni, na pale asipoelewa alimrudisha mwanzo bila kuona haya.

Alimaliza shule ya msingi palepale Mpala mwaka 1967, akaja Kalemie kukaa kwa shangazi yake, akasomea ukunga, akapata diplome mwezi wa saba 1975, akiwa wa kwanza katika promosio yake, wote waliohitimu mwaka ule, na tusifiche, diplome hiyo ilimtia kiburi.

Kazi alianzia katika maternite, nyumba ndogo ya kuzalishia, kwenye mwambao wa ziwa, na huko ndiko, tarehe 2 Juni 1976, alipofika Bertille Mwamba wa Zongwe, msichana wa miaka kumi na tisa, mimba yake ya kwanza, akasema kwamba tangu asubuhi mtoto hachezi tumboni. Emérance alikuwa na wanawake wengine watatu wa kuzalisha, akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamjibu kwamba wenye mimba ya kwanza huogopa kila kitu, aende akapumzike. Alipokuja kumpima saa kumi alasiri, moyo wa mtoto haukusikika tena, na alizaliwa mtoto wa kiume, amekwisha kufa. Mkubwa wa kazi aliandika katika rejista kwamba mama alichelewa kufika, na hakuna aliyemuuliza Emérance neno lolote.

Kwa miezi mitatu alishindwa kula vizuri, kisha akapanda mtumbwi mpaka Zongwe, akamkuta Bertille akigeuza ndakala, samaki wadogo wa ziwa, juani, akamwambia ukweli wote, kwamba hakuchelewa, kwamba yeye mkunga ndiye hakumsikiliza. Bertille aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa mkeka, ndipo akasema:

«Nilijua. Uliniangalia kwenye mulango, haukukaa hata kidogo. Sasa wende uandike vile umenisemea.»

Msamaha aliuomba, siku ile hakuupata. Alirudi, akamsihi mkubwa wake asahihishe rejista, akakataliwa, basi akachukua kalamu akaandika ukweli mwenyewe chini ya mstari ule, akatia jina lake kamili. Mwezi wa kwanza 1977 alihamishiwa Ankoro, mbali na ziwa na mbali na wazazi wake, na kila mtu alielewa kwamba ni adhabu.

Lakini Ankoro ndiko alikompata mwalimu wake wa kweli, Mama Christiane, mkunga wa kijiji, mzee asiyejua herufi, ambaye kabla ya kumgusa mama yeyote alinawa mikono, akakaa chini karibu naye, akamuuliza safari ilikuwaje, akanyamaza mpaka mwenzake amalize. Emérance aliona mzee huyo anapoteza muda, mpaka siku moja mama aliyetoka mbali kwa mtumbwi wa mto Luvua, baada ya kueleza jua na mbu na ugomvi wa wapiga kasia, akataja kwa kupita tu kwamba maji ya uzazi yalikwisha kumtoka tangu juzi, na hilo ndilo lililomwokoa yeye na mtoto. Kuanzia hapo Emérance naye alikaa chini.

Tarehe 9 Agosti 1980, hukohuko Ankoro, alifunga ndoa na Papa Casimir Ilunga, mwalimu, aliyetutangulia tarehe 11 Novemba 2009, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Jean-Luc, Yvette, Chérubin na Consolate, na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1987 alirudi Kalemie kufundisha wakunga, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2016, na kila promosio aliisimulia kosa lake, jina la yule mama akilificha, la kwake akilitaja. Mwaka 1988 Bertille, akiwa na mimba ya mtoto wa nne, alifika maternite ya Kalemie akamtafuta yeye na si mwingine, neno la msamaha hakulitamka, alimpa mkono tu, akakubali kuzalishwa naye.

Mwaka 1999 mwanafunzi wake Arlette, ambaye leo anaongoza wauguzi, alikosea dawa, mgonjwa akaponea chupuchupu, naye Arlette akataka kuacha shule na kukimbilia kwao. Mama hakumbembeleza, alimshika mkono wakaenda pamoja kwa familia ya mgonjwa, na njiani alimwambia: «Nitakaa pembeni yako, lakini kusema, utasema weye.»

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2023, akatibiwa hapa Kalemie, akaaga dunia tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi. Wiki moja kabla, mwanawe Jean-Luc, anayewasomea maneno haya, alimwomba habari ya Zongwe isitajwe msibani, maana watu watasema. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa na maneno, kisha akamjibu polepole:

«Mwanangu, ukiiruka ile, utazika muntu mwingine.»

Hatukuiruka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani waliotuchotea maji na kutuazima viti na turubai, wakunga wa promosio zote, walimu wenzake, na kwa namna ya pekee Mama Bertille, aliyefika jana kwa mtumbwi kutoka Zongwe, na ambaye leo amekaa kwenye mkeka wa wafiwa.

Mama, kazi yako tumeiona. Pumzika kwa amani.