Wimbo Usiofanyiwa Mazoezi

Sikieni, wanangu, kabla kifua hiki hakijanibana tena. Josiah, wewe mkubwa, keti hapo kwenye kigoda nikuone uso. Nyamongo, uliyefunga duka lako Kisii mchana wote kuja kunisikiliza, kaa karibu na kichwa changu nisilazimike kupaza sauti. Orpah, mkamwana wangu, mke wa Josiah, simama papo hapo mlangoni, maana chinsoni, ile heshima yetu ya mkwe na mkwe, haikuruhusu kunisogelea wala mimi kukusogelea. Lakini usiondoke, kwa kuwa mengi ya leo ni yako.

Ya shamba ni mafupi. Chai ya upande wa juu ni ya Josiah, ya upande wa mtoni ni ya Nyamongo, na mpaka ni ule mstari wa miti niliopanda na marehemu mama yenu Gesare. Atakayetaka kung'oa mti hata mmoja aende kwanza kaburini kwake akamwombe ruhusa. Migomba ya nyuma ya jiko msigawane, kila mwenye njaa akate. Ng'ombe mweupe ni wa Nyamongo, kwa sababu mahari ya Josiah ilikwisha kutoka zizini humu. Deni la fedha sina kwa mtu yeyote kutoka hapa hadi Kebirigo. Deni lililo katika boma hili ni la namna nyingine, na aliyelikopa yumo humu ndani.

Mnajua nimefundisha watu kuimba tangu kabla bendera haijabadilishwa. Mimi mwenyewe nilifundishwa sol-fa peke yake, do re mi, zile herufi za kwenye kitabu cha nyimbo, na aliyenifundisha akaniambia kwamba ile mistari mitano yenye noti za vichwa vyeusi na mikia ni mambo ya watu wenye piano, sisi haituhusu. Neno lile lilinichoma. Nikakaa na vitabu viwili vya wimbo uleule, kimoja cha herufi na kimoja cha mistari, nikavilinganisha noti kwa noti mpaka nikaelewa. Ndipo mama yenu akanipa shuka lake la amerikani, jipya, hajalilalia hata siku moja, nami nikachora juu yake kwa rangi nyeusi: kushoto ngazi ya sol-fa, do ya chini mpaka do ya juu, kulia mistari mitano, na katikati mstari mwekundu wa kuunganisha kila sauti na makazi yake. Watu walinicheka, mwalimu gani huyu anafundisha jambo moja mara mbili? Nikawajibu kwamba sol-fa inakupa sauti kooni na mistari inakuonyesha njia kwa macho, na mwenye moja bila nyingine anachuma chai kwa mkono mmoja.

Kila Sabato alasiri tulilitundika shuka lile ukutani mwa kanisa, kidole changu kikitembea, nao wakiimba kinapokwenda, wanawake wenye watoto mgongoni, na Ombui na besi yake ya kutikisa madirisha. Sikuwafundisha nyimbo, wanangu. Niliwafundisha kusoma, ili siku nikifa wasibaki wakimngoja mtu wa kuwaimbia kwanza ndipo waige. Orpah alipoolewa hapa alisimama mstari wa nyuma kabisa, mbali nami kwa heshima, na kutoka huko mbali akalisoma shuka kuwapita waliokuwa mbele.

Yakaja mashindano ya kwaya pale Kisii, mwaka wa sabini na nne. Palikuwa na sehemu moja niliyoipenda kuliko kombe lenyewe: kwaya inapewa karatasi ya wimbo ambao haijapata kuuona, mistari mitupu bila herufi, mwalimu anatoa do, na watu wanaimba papo hapo. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miaka. Josiah, wewe ulikuwa msaidizi wangu, umetoka chuo cha ualimu na suti yako, nami nikijivuna kila nikikutaja.

Juma lile homa ikanilaza kitanda hikihiki. Jioni nikasikia sauti kutoka nyumbani kwako, ng'ambo ya migomba, zikiimba la-la-la wimbo nisioujua, zikarudia, zikarudia tena. Nilifurahi, Josiah! Nilimshukuru Mungu kwa machozi, nikidhani kwamba kwaya yangu imeanza kujisomea nyimbo mpya bila kusukumwa. Sikuja kutazama. Ningekujaje, na mila yetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa? Ulilijua hilo. Katika mlima huu wote uliitafuta nyumba moja ambayo miguu yangu haiwezi kuingia, ukaenda kujificha humo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikiisema methali hiyo kwa watoto wa shule bila kujua kwamba ni yangu.

Siku ilipofika homa ikaniachia, tukapanda jukwaani, wakagawa karatasi. Nikapitisha macho, na kabla sijamaliza mstari wa kwanza nikausikia kichwani wimbo ule wa jioni. Rafiki yako aliyepiga chapa karatasi zile alikuwa amekupa moja mapema. Lakini jambo moja halikufanana na nililolisikia kitandani: katika mstari wa pili, pale mlipokuwa mkiimba fa, karatasi ya siku ile ilikuwa na alama ndogo ya kupandisha, fa imegeuka fe. Walikuwa wamesahihisha kosa la chapa, na rafiki yako hakukwambia. Nikafanyaje? Watu wote wananitazama. Nikatoa do, wakaimba, na walipofika pale wote kwa pamoja wakaimba fa, safi, bila hata mmoja kusitasita.

Wote ila mmoja. Orpah alikuwa kwao Nyacheki akimuuguza mama yake, akatukuta Kisii asubuhi ileile. Hakuwa amekariri kitu, alisoma. Akaimba fe, peke yake, na ikasikika kama jiwe katika wali.

Hili lishikeni hata mkisahau mengine yote: watu wanaosoma hukosea kila mtu mahali pake, lakini waliokariri hukosea wote mahali pamoja. Waamuzi walilijua, niliwaona wakitazamana. Hatukupata kitu. Na njiani kurudi, nani aliyelaumiwa? Orpah! Eti ametutia aibu, eti sauti yake imepotea njia. Wazee wa kanisa wakaketi, nawe Josiah ukasimama mbele yao, ninayakumbuka maneno yako: "Baba amezeeka, na kuchanganya sol-fa na mistari kunawavuruga wanawake." Mkeo akatolewa kwenye kwaya ukiwa umesimama pale, hukumtetea. Mimi nikaambiwa nipumzike. Wewe ukapewa kwaya, na tangu siku ile unawaimbia kwanza ndipo waige.

Halafu nikaliona shuka la mama yenu uani kwako, limetandikwa chini ya wimbi la uji lililoanikwa, kuku wakitembea juu ya do na re. Nilikuwa nikikungoja wewe useme. Nimekungoja wimbi likivunwa na kupandwa na kuvunwa tena, unakuja kunisalimia, unaniletea sukari, unauliza habari za kifua, na lile hulitaji. Mwenye kovu usidhani kapoa. Niliumia, mwanangu, na ninaumia sasa hivi ninapokutazama, kwa sababu ungeniomba nikufundishe usiku na mchana ningekufundisha, hukuwa na haja ya kuiba.

Usilie, sijamaliza. Nyamongo, maji kidogo... Basi.

Sikulaani. Wapo waliotazamia nikulaani, na mdomo wa baba si mdomo wa kuchezea, lakini radhi yangu nakuachia ikiwa imefungwa, na wa kuifungua ni wewe. Siku ya kunizika, mbele ya kanisa zima, utasimama useme wimbo ule uliupata wapi, na aliyeimba sawasawa alikuwa nani. Ukisema, radhi yangu ni yako, na ya watoto wako. Usiposema, udongo wa kwanza ambao mila inampa mwana mkubwa autupe Nyamongo.

Shuka lifuliwe kwa mkono, litundikwe tena kanisani. Na mimi nimetunga wimbo. Mfupi. Hakuna aliyeuona, uko ndani ya Biblia ya mama yenu, na Nyamongo atautoa akaunakili ajuavyo, mistari bila herufi, asimwonyeshe mtu. Mtagawiwa pale kaburini, wewe Josiah ukisimama na besi karibu na Ombui, upewe karatasi yako wakati uleule na wengine. Msifanye mazoezi. Kuna fe humo ndani... siwaambii iko wapi.

Josiah, inuka kwenye kigoda. Nyamongo, chini ya mto kuna uma wangu wa sauti, kile chuma cha meno mawili cha kutolea do. Uweke pale juu ya kigoda. Siwezi kumpa Orpah mkononi. Orpah, mama, mimi nitageuza uso ukutani, nawe njoo uuchukue mwenyewe. Do ya siku hiyo utaitoa wewe.

Mungu awape mvua ya wakati wake. Awape kusikilizana... Chai yenu isikose wachumaji... Josiah, mwanangu, hata wewe...

Umeuchukua? Upige kidogo nisikie.

Eee. Ndiyo hiyo.

Siku ile msiogope, wanangu. Imbeni mnachokiona... na kila mtu akosee mahali pake.