Maranda ya Mama Muindi

Hebu fumba macho kidogo, unifuate. Tuko Kaloleni, Nairobi, hatua chache kutoka Soko la Burma, katika ile miaka ya sabini ambayo mvua ya Aprili ilinyesha kama iliyosahau kazi nyingine. Ni jioni, kabla ya giza, na mawingu yameshuka karibu yaguse vigae. Pale uchochoro wetu unapotokea barabarani kuna paa dogo la mabati, na chini ya paa kuna benchi. Liangalie vizuri. Ni taruma zima, lile gogo jeusi zito linalolaliwa na reli, na mwenyewe ni Mzee Johnson, mfanyakazi wa reli, ambaye kwa ajili ya gogo hilo watu humwita Taruma. Ukilikalia halitikisiki hata kidogo. Wanaolikalia hutazama barabara na kuupa uchochoro mgongo. Kulia ameketi Johnson mwenyewe. Kushoto ni Chege, muuza nyama wa Burma, aitwaye Ramani kwa sababu zamani aliwahi kuwashikia wapima ardhi mnyororo. Katikati yao ni kijana Tobias, ambaye mke wake, Amolo, amemzalia mtoto wa kwanza, Adhiambo, juzi juzi tu. Mbele yao, kando ya jiko la makaa, amechuchumaa Barre, muuza kahawa.

— Baba Adhiambo, alianza Johnson, leo umenyamaza sana. Mtoto anakunyima usingizi?

— Mtoto analala vizuri, mzee. Ni maji. Jana yaliingia tena, mpaka chini ya kitanda.

— Hata baada ya ile saruji?

— Saruji niliijenga mlangoni, nikaipandisha mpaka hapa. Tobias akagusa goti. Maji yakapanda, yakavuka, yakaingia. Sasa hayatoki, kwa sababu saruji inayazuia.

Chege alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Usicheke, Ramani. Mtoto ameanza kukohoa. Mama yake amefunga kikapu. Amesema maji yakiingia mara moja tena, anakwenda naye kwao Siaya mpaka mvua iishe. Na mvua ikiisha huko kuna palizi. Palizi ikiisha kuna mavuno. Mimi nitamwona mtoto wangu akiwa na meno.

Kicheko kikakatika. Barre akamwongezea Tobias kahawa bila kuulizwa.

— Huyo mtoto haendi Siaya, alisema Johnson. Tufikirie kama watu wazima. Mwaka jana hii maji haikuwako. Mwaka huu iko. Imetoka wapi?

— Mimi nilishawaambia, Chege akadakia. Chini ya huu mtaa kuna mto. Wazungu waliufunika wakati wa kujenga. Sasa umechoka kufunikwa.

— Uliuona?

— Mto uliofunikwa utauonaje, Taruma?

— Basi wacha mto. Shida ni treni. Kila siku treni za mizigo zinatoka Mombasa zimeshiba. Ule uzito wote unakandamiza ardhi upande wa reli. Nairobi yote imeinama.

— Imeinama!

— Kidogo kidogo. Mimi naisikia kwa miguu.

— Mbona birika langu halijaanguka? aliuliza Barre.

— Wewe umechuchumaa, Barre. Mtu aliyechuchumaa hawezi kusikia.

— Haya, kama ni mambo ya kuinama, alisema Chege, basi ni mwezi. Tangu Wamarekani waukanyage, mvua haishuki wima tena. Inakuja kwa ubavu. Inagonga ukuta wa Tobias, inateremka mlangoni kwake.

— Na ukuta wa jirani?

— Ukuta wa jirani umeupa mwezi kisogo.

Hapo hata Tobias alitabasamu. Manyunyu yakaanza kugonga mabati. Chege akageuza shingo kutazama uchochoroni, akashangaa.

— Na yule naye? Mama Muindi anafanya nini na karai?

Mama Muindi, jina lake Wayua, ni jirani ya Tobias, ukuta kwa ukuta. Mume wake ni seremala huko Kariobangi. Wayua ndiye aliyemsindikiza Amolo hospitali ya Pumwani, akamngoja, akarudi naye akiwa amembeba mtoto. Jioni hiyo alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na kupakata karai lililojaa maranda kutoka karakana ya mumewe. Alikuwa akiyatupa chini, konzi moja hapa, konzi moja pale: chini ya michirizi ya vigae, mbele ya kila mlango, katikati ya uchochoro.

— Huyo mama hachoki, alisema Johnson. Si ndiye aliyekuwekea pipa chini ya vigae?

— Ndiye. Likajaa kabla sijamaliza chakula. Akanichimbia shimo, akalijaza kokoto.

— Likafurika pia.

— Likafurika. Lakini hakukasirika, mzee. Alisimama akaliangalia lile shimo kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

— Na leo maranda. Ya nini?

— Anaita kuku, alisema Chege.

— Kwa mvua hii?

— Basi maranda yanakunywa maji. Anataka kuulevya uchochoro.

— Yatahitajika maranda ya Kenya nzima, Ramani!

— Lakini muangalieni, alisema Chege, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. Hatupi ovyo. Konzi moja, anasimama, anaangalia. Konzi moja, anasimama. Wale watu wa mnyororo niliofanya nao kazi, hata wao hawakuwa na adabu hiyo.

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Mabati yakapiga kelele hata mtu asisikie maneno yake mwenyewe. Ng'ambo ya uchochoro Amolo alitokea mlangoni, mtoto kifuani, kikapu kando ya mguu wake. Aliyatazama maji yakikusanyika mbele ya ile saruji. Tobias aliinuka, akakaa tena. Hakujua aende kufanya nini.

Wayua yeye alikuwa anatembea. Alikuwa ameinamisha kichwa, anayafuata maranda. Yalielea kwa mstari kama siafu. Yalitoka chini ya vigae, yakakutana katikati ya uchochoro, yakageuka pamoja na kuteremka kuelekea barabarani, naye nyuma yao, polepole, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Akafika nyuma ya benchi. Akasimama. Maranda yalikuwa yamelundikana pale, mazito kama uji, na maji yaliyoyaleta yalikuwa yanazunguka na kurudi yalikotoka, mpaka kwa Tobias.

— Wazee, samahani kwa kuwakatizia maongezi.

— Karibu, Mama Muindi! Barre, mpe mama kikombe.

— Asante. Nina swali dogo tu. Kabla ya hili benchi, hapa palikuwa na nini?

Barre alichungulia ndani ya birika. Chege, aliyekuwa na jibu hata la mwezi, aliangalia viatu vyake.

Hapo palikuwa na mtaro. Taruma lilipoletwa ilikuwa Januari, jua kali, na mtaro ulikuwa mkavu, umejaa vumbi na vizibo vya soda. Gogo lilikuwa likiyumba juu yake. Basi walileta mawe, wakayashindilia kwa udongo, wakapigapiga mpaka benchi likatulia kabisa, wakapongezana. Jiwe kubwa kuliko yote alilibeba Tobias.

Johnson alimrudishia Barre kikombe chake kikiwa nusu. Akasimama.

— Ramani, shika upande huo. Tobias, huku.

— Mzee, koti lako la kazi!

— Koti linafuliwa. Inua.

Walilivuta taruma mpaka mvuani. Johnson akapiga magoti kwenye tope, akaanza kung'oa mawe kwa mikono, la kwanza, la pili, Chege akiyapokea na Wayua akikwangua udongo kwa jembe alilolikimbilia kwake. Lile kubwa liligoma.

— Ni lako hili, Baba Adhiambo, alisema Johnson. Njoo ulisalimie.

Tobias alilikumbatia, akalitikisa, akaanguka nalo chali. Na maji yakapita! Yalinguruma, yakakimbia chini ya paa kuelekea mtaro mkubwa wa barabara, yamebeba maranda, machicha ya kahawa na ndala moja ambayo mpaka leo haina mwenyewe. Barre alinyakua jiko lake, akaliinua juu.

— Yanakwenda! alipiga kelele Chege. Mama Muindi, yanakwenda!

— Nayaona, alisema Wayua, akijifuta uso kwa kitambaa. Acha yaende.

Mlangoni kwake, Amolo aliona maji yakishuka kutoka kwenye saruji, yakiacha alama ya tope. Aliinama, akafungua kikapu, akatoa leso ya mtoto, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

— Ametundika leso, alisema Tobias, bado ameketi kwenye tope. Mmeona? Ametundika leso!

Baadaye taruma lilirudishwa mahali pake. Linalala kutoka ukingo hadi ukingo, na mtaro uko wazi chini yake. Linayumba kidogo mtu akicheka, na Johnson hakuruhusu mtu yeyote aliwekee hata kokoto.

Sisi tuliokaa mtaa ule tukisimulia habari hii, tunaisifu subira ya Mama Muindi na karai lake, na inastahili sifa hiyo yote. Ila nakuomba unikumbukie jambo moja dogo: swali lilipoulizwa, mwenye benchi ndiye aliyetangulia kusimama.