Fundi Asiyejua Kutua

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, mahali ambapo kivuli hufika saa saba na birika la kahawa hufika pamoja nacho. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali. Huchukua watu wanne wakiwa na amani, na watatu wakiwa na hoja. Kushoto hukaa Mwalimu Nukta, mstaafu, aliyefundisha sarufi miaka thelathini na bado hamsamehe mtu anayesema bila vituo. Kulia hukaa Winchi, mchukuzi wa sokoni, ambaye shingo yake ni pana kuliko uso. Mimi hukaa katikati kwa ajili ya kuwa karibu na birika. Fundi mwenyewe, tunayemwita Chapuchapu, hakai. Kahawa huinywa amesimama, mguu mmoja ndani ya duka, na humwambia mteja "karibu tena" mteja akiwa bado anasema "hodi". Siku hiyo, saa nane mchana, alikuja akakaa.

— Nani kafa? akauliza Winchi.

— Hajafa mtu. Binti yangu kasema sijui kutua.

— Kutua?

— Kutua! Jana jioni kanijia pale kwenye cherehani, kasema, "Baba, nina neno." Nikamwambia najua, zipu ya sanduku lako nimeshaibadilisha. Kasema si zipu. Nikamwambia basi ni godoro, litakufuata na lori. Kasema si godoro. Nikamwambia haya mwanangu, nimekuelewa. Akanitazama, akasema, "Baba, wewe hujui kutua." Akaingia ndani. Tangu asubuhi namsemesha, ananijibu "ndiyo" na "hapana". Na saa kumi anapanda basi kwenda kuanza kazi mpya ya uuguzi, harudi mpaka mwaka uishe!

Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja. Sote tulijua kwamba binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee.

— Kwa hiyo nimebakiwa na saa mbili, akamalizia. Nifundisheni kutua. Haraka.

Winchi akajinyoosha. Hatimaye dunia ilikuwa imekuja kumwuliza jambo analolijua.

— Kutua ndiyo kazi yangu, ndugu yangu. Watu hudhani kazi yetu ni kubeba. Kubeba kila mtu anaweza! Kazi ipo kwenye kutua. Magoti kwanza, kiuno baadaye, pumzi mwisho. Haya, simama nikutwike hilo jora la kitambaa.

Chapuchapu akasimama, akapiga magoti, akahema.

— Tayari, nimetua.

— Bado sijakutwika!

— Nimetanguliza, tusichelewe.

Mwalimu Nukta akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia kipindi.

— Winchi, unamvunja mwenzako magoti bure. Kutua ni jambo la lugha. Tatizo la Chapuchapu ni kwamba yeye ni sentensi moja tangu azaliwe. Kwenye mkato, bwana, unahesabu moja. Kwenye nukta, unahesabu mbili. Basi. Hebu jaribu.

— Mojambili.

— Hilo ni neno moja!

— Nimeyaunganisha, mshono hauonekani.

— Mimi nawaambieni, tazameni ndege, Winchi akadakia. Ndege hatui hivihivi. Kabla ya kutua hufunga masikio, asisikie kelele za chini. Ndiyo maana ndege hana masikio.

— Ndege ana masikio, akasema Mwalimu.

— Umeyaona?

— Sijayaona.

— Basi kayafunga!

Mwalimu akaona ameshindwa, na mwalimu aliyeshindwa hupandisha darasa.

— Hata dunia hutua. Kati ya mchana na usiku kuna dakika moja haizunguki kabisa.

— Nani kaipima?

— Haipimiki. Ukiipima umeikatiza, inaanza tena kuzunguka.

— Kumbe ndiyo maana nikitoka sokoni magharibi nasikia kizunguzungu! akasema Winchi. Mimi nazunguka, yenyewe imesimama.

Chapuchapu hakuwasikiliza tena. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akijihimiza "taratibu, taratibu, taratibu", na kila alivyorudia ndivyo alivyokaza mwendo, hata ikasikika "tabu, tabu, tabu". Nikatazama saa. Ilikuwa saa tisa na robo.

Ndipo akatokea mama mmoja, mgeni kwetu, suruali ya kiume mkononi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, zipu, kesho saa nne, akasema Chapuchapu.

— Si zipu, baba. Ni pindo.

— Utuwie radhi, akasema Mwalimu. Tunamfundisha mwenzetu kutua. Binti yake anasafiri saa kumi, na jana alikuwa na neno la kumwambia.

— Neno gani?

Chapuchapu akafumbua kinywa upesi, kama kawaida yake. Akakifumba tena. Mwalimu akamtazama Winchi, Winchi akanitazama mimi, nami nikalitazama birika. Kwa saa nzima na zaidi tulikuwa tumejadili magoti, mikato, masikio ya ndege na mzunguko wa dunia.

— Sijui, akasema Chapuchapu.

Akaweka kikombe chini, akaingia dukani, akapita mlango wa nyuma unaotokea uani kwake. Tukamsikia akibisha.

— Mwanangu. Jana ulikuwa na neno.

Kisha sauti ya binti ikaanza, ya chini, maneno yasiyotufikia. Tukangoja kumsikia baba mtu akimkatiza. Sauti ikaendelea. Tukangoja tena. Sauti ikapasuka kidogo, ikanyamaza, ikaanza upya, na bado alikuwa ni binti peke yake anayesema.

— Kalala huyo? akanong'ona Winchi.

Yule mama akaketi katikati yetu, suruali mapajani, akamwashiria kwa mkono anyamaze.