Ramani ya Mizinga

Treni ilikuwa imeshaiacha Manyoni Anselm alipotega sikio. Mbele yake kijana mmoja, baada ya shikamoo, alikuwa akimfungulia kompyuta bibi mwenye ndoo ya asali. "Mimi natengeneza tovuti, bibi. Hii ni ya warina asali wa Itigi. Siku hizi ni soko huria. Mteja wa Ujerumani anataka kujua asali inatoka wapi, basi nimemchorea ramani mpaka kwenye mti wenyewe."

Bibi akainama kutazama, uso ukambadilika. Huku kwao hata mkwe haonyeshwi mizinga ilipotundikwa. "Mti huu ni wangu. Nani alikupeleka?" Kijana akajibu, "Katibu wa kikundi chenu." Bibi akaguna. "Huyo Mjerumani hawezi kupanda treni aje kuniibia. Je, mtu wa Itigi naye anaiona?"

"Anaiona yeyote, bibi. Lakini kama inakukera, nikifika penye mtandao naifuta."

"Na macho yaliyokwisha kuona, utayafuta na nini?"

Kijana akafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika chungu kisicho chake.

Treni ikasimama Itigi. "Tangulia, mjukuu wangu," bibi akasema, na hakuinuka mpaka kijana alipopotelea nje ya stesheni. Anselm naye akabaki, akijifanya anatafuta kiatu. Alitamani tu kujua bibi angeshika njia ipi.

Bibi akamgeukia. "Na wewe baba, umesikia yote. Tangulia."